Kumvika Kuyun

2 Desemba

Katika mji mzima wa Karakol, na ukitaka ongeza vijiji vyote vya juu mpaka Jyrgalan, hakuna mtu anayejua mikanda ya ngozi kama mimi, Orozaly. Farasi wote wa shamba letu la pamoja walivaa nilichowapa mimi.

Nimeyasoma tena hayo. Ni kweli walivaa nilichowapa, kwa sababu nilikuwa mtunza stoo. Fundi alikuwa mwingine. Mimi nilikuwa nafungua mlango, natoa matandiko, nafunga mlango, nalala juu ya magunia. Lakini ukilala na ngozi miaka yote ile, si lazima kuna kitu kinakuingia?

Daktari amesema nyonga yangu isikae kijijini wakati wa theluji, ikae mjini karibu naye. Nyonga imekuja, nami nimelazimika kuifuata, na Kuyun kanifuata mimi. Tuko ghorofa ya tatu kwa mwanangu Taalai. Taalai mwenyewe yuko Urusi anajenga nyumba za watu. Aliyepo ni mkewe, Gulzat, na cherehani yake, ambayo inalia tangu asubuhi kama ndama aliyeachishwa ziwa.

Kuyun ni taigan, mbwa wa kuwinda wa milima yetu: kifua kirefu kwenda chini, kiuno cha nyigu, masikio yenye nywele ndefu kama mwanamke aliyetoka kuoga. Kule juu hakuwahi kuvaa chochote zaidi ya vumbi. Hapa mjini mbwa asiye na mkanda huhesabiwa hana mwenyewe, na asubuhi linapita gari lenye watu wawili na bunduki kwa ajili ya hao.

Gulzat alisema akiwa mezani, bila kuniangalia, "Baba, analala roshani, si ndani. Na akitoka, atoke amefungwa. Mimi sitaki kulia kwa sababu ya mbwa."

Nikamwambia, "Mwanangu, unamwambia nani habari za kufunga? Subiri uone."

5 Desemba

Nimeshona. Mkanda mmoja umelala kifuani, mmoja umezunguka mbavu, pete ya chuma juu ya mgongo, kama farasi wa mkokoteni. Ngozi nzuri, nimeipaka mafuta ya kondoo. Kuyun kanivumilia, kisha akailamba.

6 Desemba

Nimeanguka mbele ya duka la supu la Wadungani, wale Waislamu wenye asili ya Uchina. Si kuanguka tu, nimesafirishwa. Kuyun aliona paka, akaweka kifua kwenye ule mkanda, akavuta kama ana mzigo wa makaa wa kupeleka mahali. Mimi ndiye niliyekuwa makaa.

Watu walitoka na bakuli mkononi kunitazama. Mmoja akasema, "Mzee, shika njia ya kulia, kushoto kuna gari!"

Aliyenishika mkono nikasimama ni Bi Raisa, Mrusi wa ghorofa ya kwanza ambaye amejipa ukuu wa jengo letu. Ana mbwa mdogo mviringo anaitwa Ponchik, maana yake andazi, na ndiyo sura yake hasa. Ponchik anavaa mkanda wa samawati na fulana ya kufuma.

"Wewe mzee," akaniambia, kwa Kikirgizi safi kabisa, kwani alizaliwa hapa kabla yangu, ingawa hataki lisemwe. "Umempa mbwa kazi ya punda halafu unashangaa anaifanya? Ukimwekea mkanda kifuani na uzito nyuma, mgongoni, unamwambia nini? Unamwambia vuta!"

"Ndivyo farasi wanavyovaa."

"Basi mpe na mkokoteni. Na huo wa mbele umemkalia mabegani, hawezi hata kunyoosha mguu. Ponchik, twende, tusiambukizwe."

Mwanamke mwenye kiburi kupita kiasi. Nyonga inauma.

9 Desemba

Theluji. Nimekaa dirishani. Kuyun kakaa roshani. Tumetazamana kupitia kioo siku nzima.

14 Desemba

Jumapili, soko la mifugo. Nilikwenda kutazama farasi, nikarudi na mkanda wa dukani wa mbwa, mwekundu, wa nailoni, wenye kubana kwa kubofya. Muuzaji kijana aliapa unafaa mbwa yeyote duniani. Nikamuuliza umewahi kumwona taigan? Akasema, "Mzee wangu, mbwa ni mbwa."

Alisema hivyo akiwa amesimama katika soko ambalo mtu akisema farasi ni farasi anapigwa.

Nikanunua.

15 Desemba

Unabana vizuri. Gulzat kasema rangi imempendeza. Nikafurahi, halafu nikaudhika kwamba nimefurahi.

20 Desemba

Matembezi asubuhi, matembezi jioni. Katikati naenda dirishani, narudi, naenda jikoni, narudi. Gulzat kaniambia, "Baba, kaa kidogo, zulia litaisha." Anaona kila kitu yule, hata akiwa ameinamia kitambaa. Nafikiri ananihesabia makosa.

3 Januari

Baridi kali mno, mate yanaganda kabla hujamaliza kutema.

8 Januari

Balaa.

Tulikuwa nyuma ya jengo, kwenye ua wa yule jirani anayefuga bata mzinga. Kuyun akawaona. Nikavuta kamba. Yeye hakuvuta mbele safari hii. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akakunja mabega, na ule mkanda mwekundu ukamtoka kama shati la mlevi. Hakuna kilichokatika, hakuna kilichofunguka. Taigan ni mpana kifuani na huko nyuma hana kitu. Kikishapita kifua, kila kitu kinapita. Nikabaki na kamba mkononi na mkanda umebana vizuri kabisa, umebana hewa.

Bata mzinga mmoja kafa. Mkubwa.

Gulzat alikwenda kwa jirani na kuomba radhi. Nilimsikia kutoka kwenye ngazi, sauti yake ndogo, akisema "ni kosa letu, mama, ni kosa letu," na hakusema hata mara moja "ni kosa la mzee." Alipopanda juu alikuwa amekunja midomo.

"Baba, nisikilize. Sikuzuii. Lakini leo ni bata. Kesho atakimbilia barabarani, au lile gari litamkuta kwanza. Binamu yangu Toktosun wa Naryn anawinda, ana taigan wawili, ana uwanja. Kuyun akitoroka tena, Toktosun anakuja kumchukua. Bora awe hai kwa Toktosun kuliko afe kwetu."

"Na mimi nitakaa na nani?"

"Nami," akasema.

Nikacheka. Haikuwa vizuri kucheka. Alirudi kwenye cherehani yake.

9 Januari

Mkanda mwekundu nimeutupa. Kisha nimeuokota, nimeukata bizimu zake. Bizimu ni bizimu.

12 Januari

Bi Raisa alinikuta kwenye ngazi, Kuyun amefungwa kamba shingoni tu. Akanisimamisha.

"Hapana. Shingo ya mbwa huyu ni nene kuliko kichwa. Ataitoa, na asipoitoa atajinyonga. Nimeona bata."

"Kila mtu kaona bata, Bi Raisa."

"Mpime. Shingo chini, pale mifupa inapoanza. Kifua nyuma ya miguu ya mbele. Halafu, na hapa ndipo mnapokosea nyinyi watu wa farasi, pima pale mbavu zinapoishia, kabla ya kiuno. Mkanda wa tatu ukae pale. Huo ndio utamzuia kurudi nyuma."

"Umejuaje?"

"Marehemu mume wangu alikuwa na mbwa wa aina hii. Alitutorokea mpaka nikajifunza." Kisha akaongeza, "Na pete ya pili iweke mbele, kifuani. Akivuta, atageuka mwenyewe akutazame. Umezeeka, lakini atakutazama tu."

15 Januari

Nilikuwa na msharasi wangu wa kutobolea na ngozi, nikavuruga. Nilishona kwa siku mbili, mishono ikawa kama meno ya mzee mwenzangu. Nimetoka chooni asubuhi, nikakuta Gulzat amepiga magoti roshani, tepu yake ya kupimia shingoni, anampima Kuyun. Yeye, ambaye mbwa akimgusa sketi anakwenda kunawa mpaka viwiko. Kuyun alikuwa amesimama wima kama bibi harusi.

"Baba, shika kichwa chake. Usicheke."

"Sicheki."

"Umecheka kwa pua."

Alishona kwa cherehani, mkanda mpana wa pamba nzito. Mbele mikanda miwili inakutana kifuani kama njia panda, mabega yako huru. Mmoja nyuma ya miguu, mmoja mwishoni mwa mbavu. Kwapani kaweka sufu ndani, kwa sababu mkanda wangu wa ngozi ulishamchubua pale na mimi sikuona. Yeye ndiye aliyeona. Pete mbili: ya mgongoni kwa kamba ndefu tukicheza, ya kifuani kwa mjini. Kila mahali vidole viwili vinapita chini, si zaidi.

Nikamwambia mishono imenyooka. Akasema, "Ndiyo," akaendelea na mapazia ya watu.

16 Januari

Amegeuka kunitazama! Aliona paka, akavuta, pete ya kifuani ikamzungusha, akajikuta anatazamana na mimi. Alikuwa na uso wa mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Nikampa kipande cha kurut, jibini kavu, akakitafuna akiwaza.

Tumefika mpaka uwanja wa mbio za farasi. Sikuwahi kufika huko kwa miguu tangu nije.

22 Januari

Uwanjani na kamba ndefu. Bi Raisa na Ponchik walikuwepo. Kuyun anamzunguka Ponchik kwa kasi, Ponchik anajizungusha mahali pamoja akibweka mpaka anaanguka kwa kizunguzungu. Bi Raisa alicheka mpaka akashika tumbo. Ana meno mawili ya dhahabu, sikujua.

28 Januari

Uwanjani.

29 Januari

Uwanjani. Upepo.

3 Februari

Taalai kapiga simu. "Baba, unapumzika?" Nikamwambia napumzika. Gulzat akachukua simu, akasema, "Mwongo. Anatembea kuliko mpeleka barua."

6 Februari

Nimefanya upumbavu. Tulirudi tumelowa, na nyonga ilikuwa inanihimiza, nikamvua Kuyun mikanda chini kabisa, ndani ya mlango wa jengo, nikisema moyoni huku ni ndani, atapanda mwenyewe. Mtu akafungua mlango. Nikaona mkia tu.

Alirudi mwenyewe baada ya saa nzima, ulimi nje, furaha tele, na damu kidogo sikioni. Gulzat alikuwa amesimama mtaani bila koti. Watu wa gari walikuwa mtaa wa pili. Alikwenda kuwasimamisha, akaongea nao, sijui aliwaambia nini.

Hakunigombeza. Alichukua simu akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikasikia jina la Toktosun.

10 Februari

Toktosun atakuja barabara ya mlimani ikifunguliwa.

11 Februari

Sijisikii kuandika.

13 Februari

Nimemwambia Gulzat: mikanda haikuwa na kosa, kosa ni langu. Akasema, "Najua, Baba. Ndiyo maana nimempigia. Mikanda naweza kuishona upya."

17 Februari

Theluji. Barabara imefungwa. Safi sana.

21 Februari

Jua. Hovyo.

24 Februari

Ukurasa huu nauandika mrefu, sitalala vizuri nisipouandika.

Toktosun alifika asubuhi na pikapu yake. Kijana mpana, mikono kama majembe, adabu zake zote mahali pake. "Mzee wangu, nyonga je? Mifugo je? Usingizi je?" Nikamketisha. Mgeni haondoki bila kuonja mkate, kwa hiyo nikamwonjesha mkate, na siagi, na jamu, na chai, na chai nyingine, na nikaanza kumsimulia habari ya dubu niliyemwona mwaka mmoja.

Gulzat akasema, "Baba, dubu huyo alishakufa mara mbili tangu mgeni akae."

Tukashuka. Ukungu ulikuwa umekaa mtaani kama maziwa. Kuyun amevaa mikanda yake, anatikisa mkia, anadhani ni uwanjani.

Sasa, kwetu mnyama akipewa mtu mwingine, hatoki na kamba yake. Ukimtoa farasi, unavua hatamu, unaishika wewe. Bahati ya mnyama inabaki kwenye kamba, na ukitoa na kamba umetoa vyote. Toktosun analijua hilo vizuri. Alikuwa na kola pana ya ngozi, ya wawindaji. Akasema, "Ngoja niitoe kwenye gari, mzee wangu, kisha uvue."

Mimi nikavua.

Sisemi nilifanya makusudi. Sisemi pia kwamba sikufanya. Bizimu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Toktosun bado ameinama ndani ya gari lake, matako nje. Kuyun akajitikisa, akanitazama kana kwamba ananiuliza kweli, kisha hakuwepo.

Nilijisikia mjanja kwa muda wa kumeza mate. Kisha upande wa sokoni, ndani ya ukungu, ikalia bunduki.

Toktosun alichomoza kichwa. Gulzat alishika mdomo. Mimi nilikuwa tayari natembea. Wanasema nilikimbia, siamini. Mikanda ilikuwa mkononi inagongana pete kwa pete, nami naita, "Kuyun! Kuyun!" na sauti inaishia hapo hapo puani. Kila gunia la taka nililiona mbwa aliyelala. Nilisimama mbele ya moja muda mrefu sana kabla sijathubutu kuligusa kwa kiatu. Lilikuwa gunia.

Ikalia tena, mbali zaidi. Nilijitukana kwa matusi yote ya shamba la pamoja. Mtu mzima na ndevu, kumchezea mgeni mchezo wa kitoto, na anayelipa ni mbwa!

Nyuma yangu nikamsikia Gulzat akinitafuta. Mkaza mwana wa kwetu halitamki jina la baba mkwe, hata nyumba ikiungua. Kwa hiyo alikuwa amepotea kwenye ukungu, anamtafuta mzee ambaye yeye haruhusiwi kumwita kwa jina, na akapiga kelele alichopata: "Baba Kuyun! Baba Kuyuuun!" Mtaa mzima sasa unaniita hivyo. Lakini pale sikucheka.

Miguu ilinipeleka uwanjani, yenyewe inaijua njia. Kabla sijaona kitu nikasikia Ponchik anabweka. Halafu nikaona. Bi Raisa amekaa chini kwenye theluji katikati ya uwanja, miguu mbele, sketi imetandazwa, Ponchik mapajani mwake anabweka kama kengele ya moto, na Kuyun anawazunguka. Mzunguko mkubwa, mdogo, mkubwa, mdogo.

"Usije!" Bi Raisa akanipigia kelele. "Kaa hapo, mzee mpuuzi! Ukija atadhani ni mchezo wa kufukuzwa!"

Nikakaa. Theluji ikaingia mahali pasipoandikika.

Kuyun akasogea. Akainamisha kifua kumwalika Ponchik. Ponchik akaenda kumnusa pua. Na Bi Raisa, mwanamke ambaye hupanda ngazi akipumzika kila ghorofa, akajitupa. Akamlalia Kuyun mzima mzima, kama godoro.

"Njoo sasa! Haraka! Ana mifupa!"

Nilitambaa. Kichwa, njia panda kifuani, nyuma ya miguu, mwisho wa mbavu. Vidole vilikuwa vimekufa, bizimu ya mwisho ikanikataa, mikono mingine ikaja juu ya yangu ikaifunga, tak. Gulzat. Tukabaki pale watu watatu na mbwa wawili katika fungu moja, tunapumua mvuke.

Toktosun akafika na kola yake. Akatutazama, akatazama alama za mbio za Kuyun kwenye theluji. Macho yakamwaka, namjua mwindaji akipenda mbwa. "Dada," akamwambia Gulzat, "huyu ni wa mlimani. Nipe tuondoke."

Gulzat alikuwa bado amepiga magoti. Akafuta pua kwa mkono wa koti.

"Kaka, alipokuja huyu mzee alikuwa hawezi kupanda ghorofa tatu. Nilikuwa namsikia anavyosimama kwenye ngazi anajifanya anasoma namba za milango. Leo amevuka mji mzima mbio, na wewe kijana umefika nyuma yake. Nikikupa mbwa, nani atamtembeza?"

"Nani atamtembeza nani?" nikauliza.



Toktosun akacheka polepole, akaitundika kola begani. Nikamwambia apande juu, nyama itakuwa tayari mchana, na yule dubu hajaisha. Akasema kwa dubu ana haraka, kwa nyama hana.

Bi Raisa alikuwa bado amekaa. "Mmemaliza kupeana mbwa?" akasema. "Nani ananiinua mimi?"

25 Februari

Sote tunaumwa migongo.

5 Machi

Mitaro inatiririka. Kuyun anamwaga manyoya, mikanda imelegea kwa sababu koti lake la baridi linapungua. Nimeikaza. Vidole viwili. Gulzat akaja nyuma yangu, akapima kwa vyake, akalegeza tundu moja. Vyangu vimekuwa vyembamba, kasema. Tuligombana kidogo kuhusu vidole vya nani vihesabike.

12 Machi

Siku zinarefuka, nami situlii. Asubuhi nimevaa kofia kabla ya chai. Gulzat amesema theluji ikiisha juu, tutakwenda kijijini sote, na cherehani. Sikumwomba. Nilitazama dirishani nikasema kule hakuna mapazia ya kushona. Akasema, "Kuna madirisha."

19 Machi

Bi Raisa, karatasi hii nitaichana niipitishe chini ya mlango wako, kwa hiyo soma na miwani.

Najua nina deni kwako la mbwa mzima. Deni hilo ni kubwa mno, halilipiki, tuliweke kando. Lakini Jumatatu nilimtobolea Ponchik matundu mawili mapya kwenye mkanda wake wa samawati, kwa msharasi wangu, kwa sababu amezidi kunenepa na wewe unasema ni manyoya. Sikuomba kitu, wala sikusema kitu kuhusu manyoya. Kwa hiyo deni dogo unalo wewe.

Leo asubuhi, pale uwanjani, uliponiona nimekaa kwenye matope na kofia iko kule. Sikuvutwa, Kuyun alikuwa amesimama kama nguzo. Ni mguu tu ulioteleza. Gulzat ameona suruali, na jioni lazima atakuja kukuuliza kwa ile sauti yake ndogo.

Nilikuwa nimekaa kupumzika, Bi Raisa. Ukiulizwa, mwambie nilikuwa nimekaa kupumzika.